Leso za Kushona na Mitumba ya Ugogo

Mfarishi wa viraka ni kazi ya mtu mwenye subira. Vipande hukusanywa mwaka hata mwaka, hupimwa, hukatwa na kuunganishwa kwa mkono. Kisha hutandazwa pamba baina ya tabaka mbili, na uzi hupitishwa juu na chini mpaka tabaka zote zishikamane. Katika nchi za ng'ambo jambo hili limekuwa desturi ya wasafiri wengi. Mtu huzunguka dunia, akanunua kitambaa hapa na kitambaa pale, na akirudi kwao huvishona pamoja, ili usiku wa baridi ajifunike safari zake. Kila kiraka kina mji wake. Wajukuu wakiuliza, huonyeshwa kwa kidole: hiki cha Uhindi, hiki cha Afrika.

Mwambao wa Waswahili hauna baridi ya kudai mfarishi mzito, na kwa sababu hiyo mtu aweza kudhani kuwa ufundi wa kuunganisha vitambaa vya nchi za mbali vikawa nguo moja ni wa watu wengine. Dhana hiyo haisimami. Wanawake wa Unguja na Mombasa wa karne ya 19 walivaa nguo iliyoshonwa kwa viraka vya ng'ambo. Na katika zama hizo hizo nguo za ng'ambo, zikiwa bado katika majora, zilibebwa mabegani mpaka uwanda wa kati wa Tanzania, nchi ya Wagogo, ulipo leo mji wa Dodoma. Historia yake husimuliwa pwani na mara nyingi huishia pwani: chombo kikatia nanga, mzigo ukateremshwa forodhani, mwanamke akavaa. Sehemu ya bara huachwa kama mkia wa habari, ilhali ni huko bara ambako iliamuliwa mara kwa mara nguo ipi ije tena na ipi isije.

Ianze leso. Kwanza ilikuwa kitambaa cha mkononi, na jina lake limetokana na Kireno. Leso zilikuja zikiwa zimefuatana katika kitambaa kimoja kirefu, mraba baada ya mraba, zenye nakshi za kuchapwa, na kazi ya mwenye duka ilikuwa kuzikata moja moja. Yasimuliwa kuwa katikati ya karne ya 19 wanawake wa mjini walimzuia asikate. Walinunua leso sita kwa pamoja, wakazigawa tatu tatu, kisha wakaziunganisha kwa mshono mmoja mrefu wa kati, ikapatikana nguo ya kutosha kujifunga au kujitanda. Nguo hiyo ikaitwa leso ya kushona. Wengine hawakuridhika na leso za namna moja: walichanganya aina mbalimbali, wakazipanga wapendavyo, ili mtaani isiwepo nyingine kama hiyo. Hapo ndipo leso ya kushona inapokuwa ndugu wa mfarishi. Mitambo ya mbali ilichapa nakshi, lakini mpango wa nakshi hizo, na ipi ikae karibu na ipi, uliamuliwa na mwanamke aliyekaa barazani na sindano yake. Wenye viwanda wangestahili kumlipa.

Wafumaji wa pwani nao hawakuiacha nguo ya kigeni kama ilivyokuja. Walitia taraza, yaani ukingo wa nyuzi za rangi, na nguo iliyotiwa taraza ilipanda thamani. Kwa hiyo bidhaa iliyoitwa ya Marekani au ya Uhindi, ilipofika bara, mara nyingi ilikuwa imekwisha kupita katika mikono ya mtu wa Unguja.

Majina ya nguo hizo yanafaa kutajwa taratibu, kwani wengi waliokuwa wakiyatamka wameondoka. Ya kwanza ni merikani, nguo nyeupe isiyotiwa rangi, iliyokuja hasa kwa merikebu za Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts. Mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani alianza kazi Unguja mwaka 1837. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipoikata pamba, nguo za Uingereza na za Bombay zikaingia mahali pake. Hata hivyo watu waliendelea kuita merikani nguo ambayo haikuiona Marekani hata siku moja. Kisha kaniki, bafta iliyotiwa nili ikawa buluu ya kuelekea weusi, iliyotoka magharibi ya Uhindi. Kisha nguo za rangi: barasati, ya buluu yenye mlia mpana mwekundu ukingoni, sahari, ya mirabaraba, iliyotoka upande wa Oman, debwani, subaya, rehani, kisutu. Kisutu kimenusurika hadi leo katika kanga ya harusi, ingawa bibi harusi aliyekivaa huenda hajui kuwa anavaa jina la zamani kuliko kanga yenyewe.

Vipimo vyake vilikuwa vya mwili. Mkono ulipimwa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, yaani yadi nne. Msafiri aliyekwenda bara alihesabu maisha yake kwa doti, kwa kuwa huko hela hazikuwa na kazi kubwa. Henry Morton Stanley, alipokuwa Unguja mwanzoni mwa mwaka 1871 akijiandaa kumtafuta Livingstone, alihesabiwa na wenyeji wa biashara mahitaji ya watu 100 kwa mwaka mmoja: doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki na doti 650 za nguo za rangi. Ukizitandika kwa urefu, nguo hizo ni kilomita 13 na ushei.

Nguo zilikunjwa, zikapangwa, zikapigwa kwa magongo mpaka zikawa ngumu kama gogo, zikafungwa kwa mkeka na kamba. Mzigo huo, wa ratili 60 hadi 70, ndio uliokuwa wa mtu mmoja, na jina lake ni mtumba. Wafungaji wenye uzoefu hawakujaza mtumba nguo za namna moja. Walichanganya kidogo cha hiki na kidogo cha kile, ili mwenye msafara akifungua mtumba mmoja apate humo kila anachodaiwa, na mtumba mmoja ukipotea njiani asipoteze aina nzima. Ndani ya kila mtumba, basi, zilikaa pamoja Massachusetts, Uhindi na Oman, zimebanana kwenye mkeka, zikingojea mtu wa kuzifungua.

Mtu huyo alikuwa Ugogo. Msafara ulioondoka Bagamoyo ulivuka Usagara, ukapumzika Mpwapwa, ukachota maji Chunyo, kisha ukaingia Marenga Mkali, jangwa la miiba ambalo jina lake linatosha kulieleza: maji machungu. Aliyelivuka alitokea uwandani, kwenye ardhi nyekundu, mibuyu, mashamba ya uwele na mtama, na ng'ombe. Nchi hiyo hupata mvua ya msimu mmoja tu, baina ya Desemba na Aprili, na kwa mwaka haizidi sana milimita 500 au 600. Maji ya kiangazi ni ya kuchimba, na kisima kina mwenyewe. Msafara wa watu mia kadhaa na punda wao ukifika kisimani humaliza katika siku moja maji ya kijiji ya wiki nzima. Mbele yake, upande wa magharibi, ipo Mgunda Mkali, pori jingine refu, na mtu hawezi kuliingia bila kununua nafaka. Kwa hiyo aliyetoka pwani na aliyetoka Unyamwezi wote wawili walilazimika kupita mlangoni kwa Mgogo, wakiwa na kiu na njaa.

Malipo ya mlango huo yaliitwa hongo. Siku hizi neno hilo limeshuka daraja na maana yake ni rushwa. Katika karne ya 19 lilikuwa ada ya kupita, iliyojulikana na kutarajiwa, kama ushuru wa forodha ya Unguja ulivyojulikana na kutarajiwa. Watemi wa Ugogo walitoza katika kila himaya: Mvumi, Matamburu, Bihawana, Kididimo, Nyambwa, Mizanza, Mukondoku. Wazungu waliopita huko walilalamika sana. Richard Burton, aliyevuka nchi hiyo na John Hanning Speke mwaka 1857, na Stanley aliyeivuka mwaka 1871, wamewaachia wasomaji wao picha ya watu wakorofi, wadai wasioshiba, wanaomweka mgeni siku nzima juani kwa ajili ya shuka moja zaidi. Vitabu hivyo vilisomwa London na New York, na picha ikaganda. Ni haki kuuliza kama forodha ya London ingemruhusu Mgogo apite bure na mizigo 150 kwa sababu tu ana haraka.

Lakini malalamiko hayo, yakisomwa kwa makini, yana habari nyingine ndani yake. Mtemi hakudai nguo tu. Alidai nguo hii na kuikataa ile. Mjumbe wake alikuja kambini, mtumba ukafunguliwa, nguo zikatandazwa moja moja. Hii ni nyepesi. Hii si ya namna yetu. Hii ya mtemi, lakini ya wake zake iko wapi? Wake, jamaa na wazee wa baraza walikuwa na mafungu yao, na kila fungu lilikuwa na cheo chake cha nguo. Burton mwenyewe, katika kitabu chake cha 1860, ameshuhudia kuwa katika Ugogo ilikuwa shida kumwona mtu aliyevaa ngozi, kinyume na nchi nyingine za bara, na kwamba vazi la kawaida lilikuwa nguo ya mirabaraba ya Kiarabu au bafta ya Uhindi iliyotiwa rangi. Hata watoto walivishwa. Stanley naye ameandika kuwa barasati ilipendwa Unyamwezi, na sahari ndiyo iliyopokelewa Ugogo. Tofauti hiyo ilikuwa ya kibiashara na ilikuwa na uzito. Tajiri wa Unguja aliyepeleka nguo isiyotakiwa alirudishiwa hasara, na habari za kukataliwa kwake zilisafiri kwa miguu mpaka Bagamoyo, zikavuka bahari, zikaingia katika barua zilizokwenda kwa wafumaji wa Kachchh na wenye viwanda wa Salem. Mwanamke wa Mvumi aliyeipima nguo baina ya vidole vyake akaitupa kando alikuwa, bila ya kuondoka kwao, anazungumza na Massachusetts.

Hapa mfarishi wa msafiri unageuka. Desturi ya ng'ambo ni kuwa mtu mmoja huzunguka nchi nyingi na kukusanya vipande vyao. Katika Ugogo nchi nyingi zilikuja kwa mtu mmoja. Sanduku, au tuseme lindo, la mke wa mtemi lilikusanya Suhar na Surat na Salem, kila kipande kikiwa na msafara wake na mwaka wake: hiki kililetwa na Waarabu mwaka wa mvua nyingi, hiki na Wazungu waliokuwa na punda. Hakuna aliyeviandika. Vilivaliwa, vikapasuka, vikatiwa viraka, vikafungia watoto mgongoni, vikamalizikia udongoni pamoja na waliovikwa. Daftari za wafanyabiashara zimehifadhiwa vizuri mno. Nguo zenyewe zimekwisha.

Wapagazi wana fungu lao katika habari hii, na ni fungu kubwa kuliko walilopewa. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Kwa kijana wa Unyamwezi kushuka pwani na kurudi kulikuwa ndiko kuingia utu uzima. Aliyebaki nyumbani alihesabiwa kuwa hajaona kitu. Alilipwa nguo, alikula kwa nguo aliyopewa kama posho, na alibeba nguo ya mwingine. Kirangozi, mwenye kutangulia na bendera, alijitanda kipande cha joho jekundu, ili wote wamwone na wote wajue ni nani. Mpagazi aliporudi kwao, doti iliyokuwa begani mwake ilikuwa ushahidi wa bahari kwa watu ambao hawakuiona. Wanawake nao walikuwamo katika misafara, wakibeba vyungu na watoto, wakipika, na mara nyingine wakibeba mizigo ya biashara.

Katika kazi zote za mshono zilizofanywa barani katika karne hiyo, moja imejulikana duniani, ingawa haisimuliwi kama habari ya mshono. David Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Watu aliokuwa nao, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani kwa siku 14, wakauviringisha kwa bafta, wakakunja miguu magotini ili mzigo uwe mfupi, wakautia katika gome la mti lililochunwa zima kama bomba, na juu yake wakashonea kitambaa cha tanga. Halima, mpishi wake, alikuwamo katika kundi hilo. Kisha wakaubeba kuelekea bahari, safari ya zaidi ya maili 1,000.

Walipofika Unyanyembe mwezi Oktoba walimkuta Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone akiwa hai. Cameron aliwashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Hatari yenyewe iliwakuta mbele kidogo, Kasekera, walikozuiwa, kwani watu wa njiani hawakutaka maiti ipite nchini mwao. Hapo wapagazi hao wakafanya jambo ambalo mtu aliyefunga mitumba maisha yake yote ndiye tu angelifikiria. Waliutoa mwili katika gome, wakaufunga upya kwa umbo la mtumba wa kawaida wa nguo. Kisha wakakata mabua ya mtama kwa urefu wa mtu, wakayaviringishia nguo yakawa kama maiti, wakawapa watu sita wayarudishe Unyanyembe kwa huzuni zote zipasazo mazishi. Watu wa Kasekera wakaridhika. Wale sita walipofika porini walilifungua jeneza lao la mabua, wakayatupa moja moja, wakawafuata wenzao. Na maiti ya mtu aliyejulikana kuliko wasafiri wote wa Kizungu wa wakati wake ikaendelea na njia kama bidhaa, mtumba mmoja baina ya mitumba, na hakuna aliyeuliza ndani mna nguo gani.

Ulifika Bagamoyo Februari 1874. Aprili 18 mwaka huo ukazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Aliyekuwapo mazikoni kutoka kundi hilo ni Jacob Wainwright, aliyesafirishwa na mwili. Susi na Chuma waliitwa baadaye, mazishi yamekwisha. Kwa miezi kadhaa walikaa Uingereza kwa Horace Waller, wakimweleza yaliyotokea ili aandike. Na huko Scotland wakajenga kwa mikono yao mfano wa kibanda alimofia Livingstone. Chama cha Kifalme cha Jiografia kikatoa medali kwa wabebaji wote. Wote wawili walirudi Unguja. Chuma aliongoza misafara tena, akafariki mwaka 1882. Susi alibatizwa mwaka 1886 kwa jina la David, akafariki mwaka 1891. Kitabu cha Waller kilitoka mwaka 1874 kwa jina la Livingstone. Lakini mwenye kutaka kuona mkono wa Susi na Chuma autafute katika ile bafta, katika ule mkunjo wa magoti, katika uamuzi wa kuufanya mtumba. Hayo hawakuyaamuliwa na mtu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 viwanda vya ng'ambo viliona kuwa wanawake wa pwani wanaunganisha leso kwa mkono, vikaanza kuchapa nguo nzima yenye pindo na mji, bila mshono. Ikaitwa kanga. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake Mombasa, na alama yake ya Mali ya Abdulla imekuwa maarufu kuliko jina lake. Kanga zikachapwa Uholanzi, Uingereza, Uhindi, na baadaye Japani. Mwanzoni mwa karne ya 20 zikaanza kutiwa jina, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa za Kilatini. Unguja, baada ya utumwa kuondoshwa kisheria mwaka 1897, wanawake walioachwa huru waliitupa kaniki, iliyokuwa vazi la utumwa, wakavaa kanga. Mshono wa leso ukaachwa. Wasusi wa maneno wamenufaika, bila shaka. Msusi wa nakshi ndiye aliyepoteza kazi.

Reli nayo ikaondoa mtumba begani. Ujenzi ulioanza Dar es Salaam mwaka 1905 ulifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Uwanda uliovukwa kwa wiki nyingi za miguu na za kujadiliana ukawa wa kuvukwa mtu amekaa. Hongo ya watemi ilikuwa imekwisha kukomeshwa na utawala wa Wajerumani. Nguo ikashushwa stesheni, ikaingia dukani, na bei yake ikapangwa na watu ambao hawakuhitaji maji ya kisima cha mtu. Mwanamke wa Mvumi alibaki na hiari ya kununua au kutonunua. Ile ya kuuzuia msafara mzima mpaka apendezwe hakuwa nayo tena.

Neno mtumba halikupotea. Lilikaa kimya kwa miongo kadhaa, wakati nguo zilipotoka Bombay na Osaka, na kisha katika viwanda vya nchi yenyewe kama kile cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Ikaja adha ya mwanzo wa miaka ya 1980, nguo zikaadimika, na kanga moja ikapangiwa foleni. Milango ya biashara ilipofunguliwa katika kati ya miaka hiyo, zikaingia nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani zikaachwa, zimebanwa katika marobota kama zilivyobanwa zamani. Na watu, bila kuagizwa na kamusi, wakaziita mitumba. Katika masoko ya Dodoma robota hufunguliwa asubuhi mbele ya wanunuzi. Wanawake huinama juu yake, huvuta kitambaa, hukiangalia juani, hukipima baina ya vidole. Nyepesi. Imefifia. Hii ina kasoro ya mshono. Kinachokubalika huvaliwa, kisichokubalika hukatwa kikawa kitambaa cha mtoto, tambara la jikoni, au kiraka.

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na tangu hapo imekuwa mji wa watu wanaokuja kwa mikutano na kuondoka. Wajumbe hushuka kwa kanga na vitenge vya sare, vya kijani na manjano au vya rangi za taasisi zao, vyenye tarehe ya tukio pembeni, na hurudi navyo makwao, Pemba au Kagera, vikawa kumbukumbu. Wageni wa ng'ambo, waliofanya kazi katika shule na hospitali za uwandani, nao huondoka na doti kadhaa mizigoni. Wengine hufika kwao wakakata na kushona mfarishi. Safari ya nguo inakuwa imegeuka: kilichochapwa Mumbai au Dar es Salaam na kuuzwa Dodoma kinatiwa pamba kikatandikwa kitanda cha Ulaya, na wajukuu huko huonyeshwa kwa kidole.

Kanga, hata hivyo, humpa mshona mfarishi taabu ambayo kitenge hakimpi. Pindo hukatika vizuri kuwa ukingo. Mji, yaani ile nakshi ya kati, hutoa viraka vya mraba visivyo na shida. Linabaki jina. Ni ukanda mwembamba, mrefu, wenye maneno, na asiyejua Kiswahili huuona kama nakshi miongoni mwa nakshi. Hupitisha mkasi pale mraba unapodai. Ndivyo inavyotokea, katika mifarishi iliyoshonwa kwa mapenzi makubwa, kukuta nusu ya methali kwenye pembe moja, na nusu yake nyingine imekaa kichwa chini kando ya mto, au haimo kabisa. Wanawake waliounganisha leso sita hawakukutana na shida hiyo, kwa kuwa leso hazikuwa na neno lolote juu yake.